Tuzo Niliyompelekea Mama Ekiru

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo hadi leo nikifumba macho naiona yote: ukumbi umejaa, wazazi wamevaa nguo zao za Jumapili, na mimi nimesimama mbele yao na nyundo mpya mkononi, natafuta uso mmoja ninaoujua na siuoni.

Nakueleza haya kwa sababu ya jibu ulilonipa juzi. Nilikuuliza ni nani aliyekuja kukushangilia ulipopewa tuzo ya idara yenu, ukacheka kidogo, ukasema, "Hakuna, nyanya, ni cheti tu." Kicheko kile nakijua. Nilikicheka mimi kabla hujazaliwa, na kabla hajazaliwa mama yako. Basi keti, chai bado ni ya moto.

Ilikuwa miaka ya sabini. Nilikuwa mwaka wa mwisho katika idara ya jiolojia na uhandisi wa maji, huko Nairobi, na darasani nilikuwa mwanamke peke yangu. Wenzangu hawakunitendea ubaya, usije ukadhani hivyo. Walinisahau tu. Wakienda kunywa chai hawakukumbuka kuniita, na ilipofika siku ya kuchagua wenzi wa kazi ya nyikani, walichaguana upesi upesi mpaka tukabaki wawili: mimi niliyetoka milima ya Taita, na Ekiru, kijana Mturkana, ambaye naye walimwona ni mtu wa mbali mno. Alivuka chumba akaja pale nilipokaa.

"Basi Wakesho," akasema, "wametuachia Turkana nzima. Wao wagawane hivyo vilima vya Ngong."

Ndivyo tulivyokwenda Kakuma. Wakati huo Kakuma ilikuwa misheni, kituo cha polisi, maduka machache ya mabati, na mto Tarach ambao muda mwingi wa mwaka ni mchanga mtupu. Kazi yetu ilikuwa kuchunguza ni wapi chini ya mchanga ule maji hubaki wakati wa kiangazi, na ni mwamba wa aina gani unaoyazuia yasizame. Mimi nililala kwa masista, yeye kwa mjomba wake. Asubuhi tulitoka kabla jua halijawa kali, tukachimba, tukapima, tukachora, na mchana tukakaa kwenye kivuli chochote kilichopatikana, tukibishana. Ekiru alikuwa mbishi, lakini ukimshinda anacheka kwa furaha kuliko wewe uliyeshinda. Wanawake waliokuja kuchota maji kwenye visima vya mchanga walimtania kwa Kiturkana, naye hakuwa akinitafsiria yote. Mimi nilijua salamu yao, "ejok", tu, na nikiisema walikuwa wanacheka.

Nilikuwa na furaha, mwanangu. Nilikuwa sijapata mtu wa kuzungumza naye kuhusu mawe.

Kisha mvua zikaja. Zilinyesha siku chache, zikaacha madimbwi kila mahali, na mbu wakazaliana. Tulikuwa tumebakiza kazi kidogo tu Ekiru aliposhikwa na malaria. Mwanzoni alisema ni uchovu. Alipoanza kutetemeka juani, nilimpeleka zahanati ya misheni. Wakampa dawa, zikakataa kukaa tumboni. Sista aliyekuwa muuguzi akaniita kando.

"Huyu apelekwe hospitali Lodwar leo," akasema. "Msingoje kesho."

Gari la misheni lilikuwa limekwenda Kitale. Tukapata lori la mfanyabiashara mmoja lililokuwa likipeleka ngozi za mbuzi Lodwar. Tulimlaza Ekiru juu ya turubai, mimi nikakaa naye huko nyuma nikimkinga jua kwa kanga. Dereva, mtu wa Nyeri aliyeitwa Kariuki, aliendesha vizuri kadiri ya uwezo wake. Tulikuwa tumepita nusu ya njia tulipofika kwenye laga, yaani mkondo wa mto mkavu unaokata barabara, tukaikuta imejaa. Mbingu juu yetu zilikuwa safi kabisa. Mvua ilikuwa imenyesha mbali, vilimani, na maji ya rangi ya chai ya maziwa yalikuwa yakishuka na magogo na mizoga ya mbuzi.

Kariuki aliingia hadi yakamfika kiunoni, akarudi.

"Hapana, dada. Likizimika katikati tutakwenda sote. Tungoje yapungue."

Tulimshusha Ekiru, tukamlaza chini ya mgunga uliokuwa karibu. Tukangoja. Nilikuwa nachomeka kijiti ukingoni kuona kama maji yanashuka, naye kila mara alikuwa akiuliza, "Yamepungua?" nami nasema, "Kidogo." Safari moja alifumbua macho, akayatazama maji, akatabasamu.

"Miezi yote tumetafuta maji, Wakesho," akasema. "Leo yametupata yenyewe."

Alikuwa hajaweka chakula tumboni tangu juzi yake. Nilimpa uji niliopewa na masista, akatikisa kichwa. Kisha akaniambia, na sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, kama mtu anayekuagiza sabuni dukani: "Ukimwona mama, atakuuliza kama nilikula. Mwambie nilikula."

"Utamwambia mwenyewe," nikasema.

Akageuza uso kuelekea maji. Alasiri ile maji yalianza kushuka kweli, kijiti kikabaki peke yake kwenye tope. Nikageuka kumwambia. Kariuki alikuwa amepiga magoti karibu naye, amevua kofia.

Sitakueleza safari ya kutoka pale hadi Lodwar. Tulimzika huko, mjini alikokaa mama yake. Kulikuwa na padre, chifu, wazee, na akina mama wengi wakiimba lugha nisiyoijua. Mama Ekiru nilimwona amezungukwa na watu. Nilishika mkono wake mara moja, kwenye msururu wa watu, nikasema pole kama walivyosema wengine. Kesho yake mwalimu wetu alifika na gari la chuo kunichukua, maana mitihani ilikuwa imekaribia. Nikaondoka na maneno ya mtu mwingine mdomoni.

Ripoti niliiandika peke yangu, kwa ramani tulizochora pamoja. Juu nikaandika majina mawili. Ilipotangazwa kwamba ndiyo kazi bora ya mwaka, nilikwenda kwa mkuu wa idara nikamwomba tuzo isomwe kwa majina yote mawili. Hakuwa mtu mbaya. Alivua miwani, akaifuta, akasema kanuni zinataka mpokeaji awe amefanya mtihani wa mwisho. "Pole sana," akasema. Akaanza kuniuliza habari za mvua huko kaskazini.

Kwa hiyo siku ile wakaita jina moja. Baba yangu alikuwa ameshafariki. Mama alikuwa Taita, na sikuwa nimemwandikia, kwa kuwa aliwahi kuniuliza ni mume gani atakayeoa mwanamke anayegonga mawe, nami nikaamua kwamba mambo haya hayamhusu. Nikapewa cheti na nyundo ya kupasulia miamba, nyundo nzuri ya chuma kimoja kuanzia kichwa hadi mpini, jina langu limechongwa ubavuni. Wakaniambia niseme neno. Nilitaka kusema Ekiru. Nikasema asante, ukumbi mzima ukapiga makofi, nikarudi kitini. Baada ya hapo watu walipiga picha na wazazi wao uani, na mimi nikatembea hadi bwenini nikiishika ile nyundo kama mtu aliyetumwa na fundi. Nilikaa kitandani bila kuvua viatu. Upweke wa kushindwa nilikuwa nimeuzoea, mwanangu. Wa kushinda sikuujua, na nakuambia, unauma zaidi, kwa sababu huna wa kumlalamikia.

Hapo ndipo nilipokata shauri kwamba tuzo ile si yangu, niipeleke kwa mwenyewe. Nikapanda basi hadi Kitale, kisha malori, hadi Lodwar.

Mama Ekiru alikaa upande wa Nawoitorong, hapohapo Lodwar. Nilimkuta nje ya nyumba yake anasuka kikapu kwa makuti ya mkoma. Alikuwa amewahi kuwapikia maofisa wa serikali, kwa hiyo Kiswahili alikijua, cha huku kwetu bara, kile kisichojali ngeli.

"Ejok," nikamsalimu.

"Ejok-noi," akajibu. Akanitazama. "Wewe ndio ile msichana."

Nilikuwa nimeiandaa hotuba njia nzima. Nikaisema kwa haraka, nimesimama: kwamba kazi ilikuwa ya Ekiru kama ilivyokuwa yangu, kwamba hawakusoma jina lake, kwamba nimemletea hii. Nikamwekea nyundo na cheti juu ya ngozi aliyokalia. Nikasema lori linaondoka mchana, kwa hiyo niwahi.

Hakuigusa nyundo. Aliendelea kusuka kidogo, kisha akaweka kikapu chini.

"Rudisha hiyo chuma kwa mfuko," akasema. "Jina yako ndio iko hapo. Ulifanya kazi, wamekupa. Usinipe mimi kitu ndio wewe upate njia ya kutoroka."

Nikainama kuiokota.

"Watu nakuja hapa," akaendelea. "Analeta sukari, analeta unga, anasema pole. Halafu anaanza kusema habari ya mvua, habari ya mbuzi. Hakuna mtu nataja Ekiru. Wao naogopa mimi nitalia. Kwani nikilia, hiyo machozi iko na shida gani? Wewe ulikuwa na yeye mpaka mwisho, na wewe unaniambia habari ya lori. Kaa chini!"

Nikaketi. Nyundo na cheti nikavirudisha mfukoni kama alivyoagiza. Alinimiminia chai ya rangi, akangoja ninywe, ndipo akauliza, bila kunitazama:

"Alikula?"

Mwanangu, nilikuwa nimejiuliza mara nyingi nitafanya nini nikiulizwa swali hilo. Pale mbele yake sikuweza kudanganya, wala sikuweza kuacha kufikisha ujumbe.

"Alisema nikuambie alikula," nikasema.

Akainamisha kichwa. Kisha mabega yakaanza kutikisika, nami nikafikiri analia, kumbe anacheka, na machozi yanatiririka kwenye kicheko hichohicho. "Mwongo," akasema. "Mwongo huyo. Tangu mtoto ako hivyo, anakuwa mgonjwa, anasema mama nimekula." Akajifuta kwa ncha ya shuka. "Haya, sema ingine. Sema yote."

Nikasema yote. Nilimweleza jinsi alivyobisha, jinsi wanawake wa visimani walivyomtania, jinsi alivyoyasema maji yale ya laga. Nilimweleza kwamba akiokota jiwe asilolijua alililamba kwa ulimi kabla hajaligonga, na mwanzoni nilimwona mchafu, mpaka nami nikaanza kulamba. Mama Ekiru akapiga makofi. Akaniambia kwamba Ekiru alipokuwa mdogo walimchapa kwa hilo, kila jiwe la Lodwar lazima alionje kama lina chumvi. Hilo sikulijua. Alikuwa na nusu ya Ekiru, na mimi nilikuwa na nusu nyingine. Tulikaa hivyo tukibadilishana. Lori likaondoka, nikalisikia likipanda barabarani, sikuinuka.

Nililala kwake. Asubuhi aliponisindikiza aliniuliza mama yangu alisema nini kuhusu tuzo. Nikamwambia hajui. Alinishika kidevu kama anavyoshikwa mtoto mdogo.

"Basi yeye pia amekaa huko kama mimi," akasema. "Iko na mtoto, na haina habari yake."

Nilikwenda Taita moja kwa moja, Nairobi nikapita tu. Mama hakuelewa neno hata moja kuhusu mwamba na mchanga. Lakini alichukua ile nyundo akaizungusha nyumba za majirani zote, na jioni aliitumia kuvunjia kuni. Habari za mume hakuniuliza tena.

Kwa Mama Ekiru nilirudi kila kazi iliponipeleka kaskazini, na kila mara tulimtaja kijana wake bila kuficha. Alifariki nikiwa kazini mbali, barua ikanifikia kwa kuchelewa. Mjomba wa Kakuma naye hayupo. Kuna siku nakaa hapa kibarazani nikifikiri huenda mimi ndiye pekee niliyebaki duniani anayejua Ekiru alivyocheka akishindwa katika ubishi. Ni mzigo wa ajabu huo. Siupendi, na singependa kuutua. Angalau leo tumeubeba wawili.

Sasa nisikie, mwanangu, nikuambie lililonitoa mbali hivyo. Hicho cheti chako usikizike kwenye sanduku ukasema ni cheti tu. Mpelekee mama yako nyumbani, hata kama hatajua kimeandikwa nini. Hatasoma karatasi, atakusoma wewe. Na kama kuna mtu mliyechimba naye, mkachora naye, mkakosa usingizi naye, mtaje mbele za watu hata kama kanuni hazimtaji, usiishie kusema asante. Siku utakapokutana na aliyefiwa, usimpe unga ukakimbia. Keti. Litaje jina la aliyekufa, mwache alie ikiwa atalia, na mwambie lile unalolijua wewe ambalo yeye halijui. Hakuna zawadi utakayoipeleka itakayofika karibu na hiyo.

Nenda sasa, kabla jua halijazama. Mungu akupe kazi utakayoipenda na mtu wa kubishana naye ndani yake. Akupe masikio yatakayokungoja kila utokapo na habari, njema au mbaya. Na siku ukifika mlangoni pa mtu aliyeachwa peke yake, Mungu akutie uzito miguuni, usiwe na haraka ya kuondoka.