Maji Matamu ya Kuoshea Ringi

Dama Mramba hulamba ringi. Nalisema hilo mapema, usije ukapita Bongwe ukamuona mwanamke mzima ameinama, ametoa ulimi juu ya chuma cha pikipiki, ukaanza kuita watu. Hana wazimu. Mwenye wazimu ni yule anayesimama kumkodolea macho badala ya kununua mahamri yangu.

Mimi ni Kibibi. Nauza mahamri, mbaazi na chai, na kibanda changu kimepakana na banda la Dama. Moshi wangu unaingia kwake, harufu ya rangi yake inaingia kwangu, tumeshazoeana. Kazi yake ni kuzifanya upya ringi za pikipiki. Anafungua spoki, anasugua kutu kwa msasa hadi chuma king'ae, anaosha, anakausha, halafu anapuliza rangi ya unga. Ni unga mkavu kabisa, unanata kwa nguvu za umeme. Kisha ringi huingia katika oveni, unga ukayeyuka na kushikana na chuma. Oveni yenyewe zamani ilikuwa ikioka mikate katika hoteli moja ya Diani iliyofungwa. Waendesha bodaboda wakambatiza Dama jina la Mama Mkate wa Chuma. Alicheka, akaliandika ukutani kwa rangi nyekundu.

Ufundi huo aliupata kwao Taru, kando ya barabara kuu, kwa mjomba wake Chome. Kule akipaka ringi, pikipiki huchakaa na rangi ikabaki. Akafikiri, ikiwa Taru mambo ni hivyo, pwani atakula kwa mikono miwili, maana huku kutu haina likizo. Mamake akauza mbuzi ili oveni ile inunuliwe. Wote, hata yule wa maziwa.

Mwanzo mambo yalimnyookea. Ringi zilitoka nyeusi ti, nyingine rangi ya dhahabu, vijana wakawa wanapunguza mwendo makusudi wakipita mbele ya watu. Lakini kabla mwezi haujaisha, rangi ikaanza kuvimba. Vilitoka vipovu vidogo kama vya chapati ikiwa motoni. Ukikibonyeza kimoja kinapasuka, na chini yake unakuta kutu mpya. Vijana wakarudi mmoja mmoja, ringi begani, nyuso zimekunjwa.

Dama alizirudia zote. Zikavimba tena. Akabadilisha unga. Akaziacha katika oveni muda mrefu zaidi. Akasugua chuma hadi vidole vikatoka damu. Watu hawakosi la kusema, wakasema pale pana jini. Mimi nimekaa pale miaka yote na jini sijamuona, isipokuwa Mangi, mwenye ploti, akiamka vibaya. Na Mangi siku hizo alikuwa ameshampata fundi wa milango ya chuma aliyelitaka lile banda.

Asubuhi moja akaja Suleiman, mwenyekiti wa steji ya bodaboda. Ni mtu wa maneno machache, lakini akisema, pikipiki zote za Bongwe husikiliza.

"Shikamoo, mwenyekiti," Dama alimwamkia.

"Marahaba, dada. Habari za kazi?"

"Kazi ipo, twashukuru."

Suleiman alikaa kwenye tairi kuukuu. "Dada Dama, sikuja kukuvunjia heshima. Vijana wamechoka. Wasema ringi zako ni za kuendea harusini, si za kazi. Mimi nitakupa zangu, zote mbili. Wajua alfajiri nabeba samaki kutoka Msambweni, na maji yao ya chumvi yanatiririkia gurudumu la nyuma. Mchana nabeba wagonjwa kwenda hospitali. Zikiweza kwangu, zitaweza kwa kila mtu. Siku ya kungojea mwezi wa Ramadhani nitakuja nazo hapa, na wenzangu watazame. Zikiwa zimevimba, steji yetu haitaleta ringi tena, na Mangi tutamwambia afanye apendavyo na banda lake."

"Na zikiwa salama?"

"Basi wewe ni wetu."

"Lete," alisema Dama.

Alipoondoka Suleiman, Dama alikuja akakaa kwenye benchi langu. "Bi Kibibi, Taru sirudi. Njaa naijua, siiogopi. Nitamtazamaje mama, na zizi lake tupu?"

Nilimpa hamri moja, nami si mtu wa kugawa mahamri ovyo.

Sasa sikiliza jambo ambalo kila mtu wa huku analijua na hakuna aliyelifikiria. Kwetu nyumba ina madumu mawili. La manjano ni la maji matamu, yale tunayoletewa na mikokoteni, ya kunywa na kupikia. La buluu ni la maji ya kisima, yana chumvi, ya kuoshea vyombo na kudekia. Siku hiyo, kwa haraka zangu, nikateka kwenye dumu la buluu nikapikia chai. Maziwa yakakatika. Mteja wa kwanza alitema, wa pili akanitazama kama nimemwekea sumu. Nilikuwa najitukana mwenyewe kwa sauti, na kila mtu alikuwa akinisaidia kunitukana.

Dama peke yake hakutema. Alikaa na ile chai mdomoni, macho yametulia. Kisha akameza, akasimama, akaenda bandani kwake, akachukua ringi aliyokuwa ameiosha jana na kuikausha. Akailamba.

"Astaghafirullah!" nikapiga kelele.

"Chumvi," alisema. "Bi Kibibi, chumvi! Naosha chuma kwa maji ya kisima. Maji yanakauka, chumvi inabaki. Naipaka rangi juu yake, naioka nayo."

Utadhani mambo yaliishia hapo. Si maji matamu tu? Aoshe kwa dumu la manjano, apake, amalize. Ndivyo nilivyodhani. Kumbe hapo ndipo palipokuwa pagumu. Alichota kikombe cha maji matamu, akakishika juu ya ringi, na mkono ukakataa kuinama. Nilimuona. Akarudisha kikombe, akachota tena, akarudisha.

"Kwetu," alisema, "mama alikuwa akiamka kwenda bwawani tukiwa bado tumelala, akarudi jua limeshapanda. Ndugu yangu mmoja aliwahi kunawia miguu maji ya kunywa. Mama hakumpiga. Alikaa chini akalia. Tangu siku hiyo maji ya kunywa kwangu yana mahali pamoja tu pa kwenda, napo ni mdomoni. Na mimi leo niyamwage juu ya chuma?"

"Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga," nilimwambia, nikajiona nimesema la maana sana.

Hakucheka. Alifumba macho. "Nisamehe, mama," akasema, akamimina. Maji yaliyotiririka aliyakinga kwa karai, asipoteze. Alianza kwa ringi za kujaribia, na kila alipozilamba alikunja uso kwa chumvi, akamimina tena. Nikaona, haya, sasa tumefika.

Lakini siku Suleiman alipoleta ringi zake, mikokoteni haikuja. Bomba lilikuwa limepasuka huko mbele, jua lilikuwa kali, hata mawingu ya kudanganya hayakuwapo. Mimi niliacha kupika chai, nikauza mahamri makavu, wateja wakanuna. Nyumbani kwa Dama palibaki nusu dumu la manjano. Lilikuwa la kunywa, mpaka hapo Mungu atakapofungua.

Nilimuona akilibeba kuja nalo bandani. Nikaacha karai la mafuta motoni, nikamkimbilia.

"Dama, utakunywa nini?"

"Ya kisima."

"Yale hata sufuria zangu zayakataa!"

"Nitayazoea. Ringi haizoei."

Aliosha ya mbele, akailamba, akatikisa kichwa, akaosha tena. Akaosha ya nyuma. Dumu likawa jepesi, akaliinamisha hadi likatoa tone la mwisho. Akalamba mara nyingine, pole pole, kuzunguka ringi nzima. Kisha akanitazama, midomo imekauka, akatabasamu. "Haina ladha," alisema. "Haina ladha yoyote." Akawasha oveni.

Suleiman akazifunga ringi zake, akarudi kwenye samaki; bomba nalo likakawia kutengenezwa, na siku zote hizo Dama alikunywa maji ya kisima. Alichemsha, akatia tangawizi, akatia ndimu, na bado alifinya uso kila anapomeza. Tumbo lilimsumbua. Nilikasirika naye, wallahi, nilikasirika kama mtu anavyomkasirikia mwanawe. Na kwa kuwa mimi sina kifua, kila aliyekuja kununua mahamri nilimsimulia.

Siku ya kungojea mwezi, Suleiman alikuja na pikipiki zote za steji nyuma yake. Bado alinuka samaki. Aliilaza pikipiki yake ubavu. Akatoa ufunguo, akakwaruza ukingo wa ringi ya nyuma. Akapitisha kidole kote, akatazama ndani, palepale maji ya samaki yanapotuama. Hapakuwa na kipovu. Akaitazama ya mbele. Dama alisimama mikono nyuma, mimi nilikuwa nimeshika mwiko na mahamri yanaungua.

Suleiman akainuka. Alikwenda kwenye pikipiki ya mwenziwe, akafungua kamba, akashusha dumu la manjano lililojaa, akaliweka miguuni pa Dama.

"Ni la kuoshea ringi za wenzako?" aliuliza Dama.

"La. Kuanzia leo kila mwenye ringi atakuja na maji yake, tumeshakubaliana. Hili ni lako, dada. La kunywa."

Dama hakuwahi kulia mbele yangu, si rangi ilipovimba wala Mangi alipokuja na yule fundi wa milango. Siku hiyo alikaa chini akalia, na hakuna kijana hata mmoja aliyethubutu kumcheka. Kisha akajifuta uso, akachota kikombe, akanywa kwa pupa, akifumba macho.

Palibaki tone chini ya kikombe. Hakulimwaga mchangani. Alilidondosha juu ya ringi nyingine iliyokuwa ikingoja, akainama, akailamba.