Mtumbwi Usio na Wavutaji

Mzee Yakubu alichonga mitumbwi maisha yake yote, na wavuvi wengi wa upande wetu wa Kasongo wamelishwa na mikono yake. Mtumbwi huchongwa palepale mti ulipoangushwa, ndani ya msitu, kisha kijiji kizima huja kuuvuta hadi mto Lualaba. Mwenye mtumbwi hupika wali, vijana huimba, kamba zinakazwa. Ndivyo ilivyokuwa, hadi machimbo ya dhahabu ya Salamabila yalipowameza vijana wetu. Mimi dhahabu hiyo siipendi, na sioni haya kusema.

Huu wa mwisho alijichongea mwenyewe. Wa zamani ulikuwa umeoza tumbo, na bila samaki yeye na mkewe Asma walikula sombe tupu, majani ya muhogo bila kitoweo. Alipomaliza alipita nyumba kwa nyumba kuita watu. Tukaenda wazee wachache na wanawake. Tulivuta mpaka viganja vikachubuka. Mtumbwi ukasogea kidogo, ukakwama kwenye kisiki. Kidole kimoja hakivunji chawa. Asma alikuwa amepika mchele wote wa nyumbani, nasi tuliula kwa aibu.

Kiangazi kikaingia. Kila asubuhi Yakubu alipanda msituni kuumwagia mtumbwi maji na kuufunika majani, usije ukapasuka. Siku moja nilimkuta ameketi ndani yake analia, wala hakujificha.

Ndipo mwanawe Iliasi akarudi kutoka Salamabila na wenzake, vijana wenye mabega. Walitukuta msituni, kando ya mtumbwi, na mzee aliwashika mikono mmoja mmoja.

"Mumekuya kunivutia pirogi," alisema, akiupigapiga mtumbwi ubavuni. "Mungu awabariki."

Iliasi alitazama chini. "Hapana ku mto, baba. Tumepata dhahabu ku kijito, kule nyuma ya kilima. Tunatafuta kitu ya kusafishia muchanga. Hii pirogi tutaikata mbele na nyuma, maji ipite."

"Na mama yako atakula nini?" mzee aliuliza.

"Tutatuma chakula."

Alisema hivyohivyo alipoondoka mara ya kwanza. Hasira zikanipanda. "Muko na nguvu ya kuivuta ku dhahabu," niliwaambia, "ya kuivuta ku maji hamuna?"

Mmoja wao alikwisha kuinua shoka juu ya pua ya mtumbwi.

"Acha," alisema Yakubu. "Utaipasua yote."

Akachukua tezo yake, akapiga magoti, akaanza kuikata ile pua mwenyewe, polepole, ili mti usiharibike.