Madafu kwenye Sahani za Kuvu

Samiha wa Mtongwe alikuwa hawezi kuona mkate ulioota kuvu asitapike, na riziki yake Mungu akaiweka kwenye kuvu hizo hizo. Mwaka wa pili sasa, katika maabara ya chuo kimoja Kisauni, alikuwa akilea kuvu zenye kasoro ili apate shahada yake.

Kuvu nzima hujipikia arjinini, chakula ambacho bila hicho haiwezi kuishi. Huipika kwa hatua, na Samiha alitaka kujua ipi hutangulia ipi. Kuvu zake zilikwama, kila moja kwenye hatua yake. Ukiipa kitu kinachopatikana baada ya pale ilipokwama, huota. Ukiipa cha kabla, hufa njaa. Ile inayokataa vyote ila arjinini yenyewe ndiyo iliyokwama mwisho. Sharti ni moja: sahani isiwe na lishe nyingine hata chembe.

Wiki ambayo wafadhili wa maabara wangekuja kuiona kazi hiyo, msimamizi wake, Daktari Gershom, alijitolea kumwandalia sahani. Siku ya wageni, Samiha akafungua kabati akakuta zote zimefura kuvu, hata zile asizozilisha kitu. Harufu chachu ikamfanya ainame. Chini ya meza palikuwa na maganda ya madafu yaliyooza, yamejaa funza.

"Daktari, umetia madafu humu?"

"Kwani ninyi watu wa Pwani hamwapi wagonjwa madafu wapate nguvu?" Gershom akacheka. "Wageni hawasaidii sahani tupu."

"Lakini madafu yana arjinini! Wallahi, hizi haziniambii kitu tena."

"Utawaeleza vizuri tu. Shahada yako natia sahihi mimi."

Kinyaa kilichompanda hakikuwa cha kuvu wala cha funza. Mtu mzima, msomi, anaupamba uongo kama bi harusi, tena anacheka! Alitamani kunawa mikono hadi mabegani.

Wageni wakaingia, wakaziinamia sahani, wakasifu. Mama mmoja akauliza, "Sasa, binti, hatua ya mwisho ni ipi?"

Gershom akamkazia macho. Samiha alijua: akitaja yoyote, shahada anayo.

"Sijui, mama," akasema. "Hizi zimenyweshwa madafu. Itabidi nianze upya, nikiruhusiwa."

Gershom akakunja pua, akajitenga naye hatua moja, kana kwamba kinachonuka pale ni yeye Samiha.