Maneti Yenye Mkia

Enzi zetu maneti ilikuwa na mkia. Mliokulia Goma miaka ile mnaikumbuka: kile kidude cha kuchezea michezo ya televisheni, vidole gumba juu ya vitufe, na fili, waya mrefu mweusi unaotoka tumboni mwake hadi kwenye mashine. Mtu wako wa kwenye kioo akikataa kukimbia, unafuata mkia. Kosa unalikuta huko mwisho.

Papa alikuwa anasafirisha maharage, na safari moja akarudi na mashine ya mitumba na maneti mbili. Nilizihesabu, nikazihesabu tena. Mbili. Na sisi tulikuwa wawili, mimi na kaka yangu Paluku, nikaona hesabu imekaa. Nyumba yetu ya mbao pale Katindo ilijaa watoto wa majirani, magoti meusi kwa vumbi la mawe ya volkano, na kutoka jikoni harufu ya sambaza, visamaki vya ziwani vya soko la Kituku, zikiruka ndani ya mafuta. Mama alipiga kelele bila kutoka kwenye moshi: "Mikono ya sambaza isiguse ile kitu!" Basi tulijipangusa kwanza kwenye sketi na kaptula za buluu za shule. Sketi yangu ilikuwa inang'aa nyuma kuliko mbele.

Paluku alinipa timu ya wekundu. Nilicheza likizo nzima. Nilibonyeza mpaka vidole vikaota sugu, nikafungwa mabao yasiyo na idadi, kwa kweli nilikuwa nayo idadi, na kila nilipolalamika aliniambia, "Bonyeza na nguvu, mutoto, wewe uko mlegevu." Siku moja sambaza zilikuja kabla mechi haijaisha. Nikaweka maneti chini nile. Mwekundu wangu akachukua mpira peke yake, akapita watu watatu, akafunga.

Nilimtazama Paluku. Paluku alitazama dari.

Nikaufuata mkia wangu. Ulipita chini ya mkeka, ukazunguka mguu wa kabati, na kichwa chake kilikuwa kimelala salama ndani ya kiatu cha Mama cha kwendea misa. Likizo nzima nilikuwa nacheza na kiatu.

Paluku alijitetea kwamba tundu la pili la mashine lilikuwa limekufa na hakutaka nilie. Huenda ni kweli. Lakini biashara ni biashara: nilidai maneti nzima mwezi mzima, yeye akatoa siku mbili, tukakutana kwenye wiki mbili na kichwa cha samaki cha kila Ijumaa. Mama akafunga kesi kwa sheria ambayo majirani wote waliiiga: "Kuanzia leo, kabla ya kucheza, kila mutu aonyeshe mukia wake." Na tulionyesha. Unasimama mbele ya televisheni, unavuta fili yako kidogo, wote wanaona kichwa chake kimeshika tundu, ndipo mechi inaanza.

Nimeyakumbuka hayo Jumapili hii. Paluku anaishi Butembo, na njia ya Butembo na vita vyake mnaijua wenyewe; mwaka wa pili huu hatujaonana. Alipata kompyuta ya rafiki yake kuanzia saa tisa mpaka saa kumi na moja, tucheze kupitia mtandao kama zamani. Saa tisa kasoro robo, binti yangu Masika akanijia kutoka kwenye kompyuta yetu.

"Mama, maneti inakataa. Ordinatere haiione."

"Umefanya nini?"

"Nimezima, nimewasha."

"Mara ngapi?"

"Ine."

Kizazi hiki dawa yao ni moja. Mungu aliwapa macho, wao wanazima na kuwasha.

Maneti yake ni ya kisasa, haina mkia, inajiunga hewani. Hewani ilikataa. Masika akachomeka fili, taa ikawaka, lakini kompyuta ikanyamaza kama mtu anayedaiwa. "Umeme unapita," akasema, "basi fili iko nzima." Nikatoa simu yangu, nikaichomeka kwa fili ileile. Simu ikaanza kula umeme vizuri, lakini kompyuta haikuitambua hata hiyo simu.

"Fili hii inakula tu, haisemi," nikamwambia. Ziko nyingi hapa mjini, za kuchajia peke yake. Ndani hazina nyuzi za kupitisha habari.

"Hiyo umesoma wapi, Mama?"

"Kwenye kiatu."

Nikamwaga droo yangu ya fili juu ya meza. Kumi na moja. Nikahesabu tena, kumi na moja. Tukajaribu moja moja. Saa tisa ikapita, na Paluku akapiga simu ya video kuuliza kama nimeogopa. Tulipofika ya tisa, nene, ya simu niliyoizika zamani, kompyuta ikatoa mlio mdogo, na wekundu wakaanza kunyoosha miguu uwanjani.

"Onyesha mukia!" Paluku akasema, ndevu zimejaa mvi kwenye kioo cha simu.

Nikauvuta mbele ya kamera, akaona kichwa kimeshika. "Na wewe?"

Akainua maneti yake, chini yake hewa tupu. "Yangu haina, mutoto. Utaniamini tu."

Nilikuwa naongoza mawili kwa moja, nimehesabu mara mbili, simu ilipokatika na mtu wake akasimama katikati ya uwanja. Goli lilikuwa wazi. Masika akanisukuma, "Piga, Mama, piga!" Sikupiga. Enzi zetu mtu akisimama hivyo ningegeuza shingo tu, nimwone kaka yangu kama anakula sambaza au anacheka. Nikaushika mpira miguuni, nikangoja aanze kutembea.