Gitaa Lenye Shingo Nyembamba

Hebu mwone kwanza anavyofika. Bodaboda imetoka naye Korogwe asubuhi, imepanda na kushuka vilima mpaka Mashewa, na sasa imesimama mbele ya kanisa. Nyuma ya dereva ameketi mzee mkavu, baraghashia kichwani, na mgongoni amebeba gitaa jipya la umeme ndani ya mfuko wake wa dukani. Anashuka taratibu, mguu mmoja kwanza. Anajikung'uta vumbi. Halafu, kabla hajamsalimia mtu yeyote, anatega sikio. Ndani kwaya wanafanya mazoezi, na mzee anatabasamu peke yake kama mtu aliyeitwa jina lake la utotoni.

Huyo ndiye Muhsin Mhina wa Kwedizinga, mkulima wa mahindi na ufuta. Amekuja kubadilishana: atoe gitaa jipya, apewe chakavu. Najua unachotaka kusema. Subiri kidogo nikueleze.

Enzi zile mkonge ulipokuwa mkonge kweli, Mhina alikuwa mkataji katika shamba moja nje kidogo ya Korogwe. Shamba lilikuwa na bendi yake, watu wakiiita Katani Jazz. Mchana wanamuziki walikata mkonge kama wenzao, na Jumamosi wakavaa suruali za bwaga wakapanda jukwaani. Vyombo vilikuwa mali ya shamba. Dansi likiisha, magitaa yalirudishwa stoo, yakalala pamoja na majembe na kamba, na ufunguo ukabaki kwa bwana stoo. Mhina alilipiga gitaa lile miaka na miaka, wala hakuwahi kulala nalo nyumba moja.

Kulikuwa na magitaa matatu, na kila mpigaji alilisifu lake kama mama anavyosifu mtoto. Mpiga rizimu alikuwa na lile lenye tumbo wazi, sauti yake ya joto, inakubeba. "Hili linaongea na watu," alikuwa akisema. Mpiga besi akamjibu, "Likiongezwa sauti linapiga yowe kama mbuzi! Gitaa ni hili langu, zito, ukilipiga unalisikia kwenye kifua." Mhina yeye alipenda la solo, la ubao mtupu, jepesi, sauti yake nyembamba inayong'aa, inayopita juu ya ngoma na matarumbeta mpaka kwa wale waliosimama nje kwa kukosa kiingilio.

Basi siku moja mwiba wa mkonge ukamchoma kwenye kiungo cha kidole cha mwisho, mkono wa kushoto. Kidonda kikavimba, kikapona, lakini kidole kikagoma kukunjika. Mpiga solo aliyebaki na vidole vitatu afanye nini? Shingo ya gitaa ilikuwa nene, hafiki anakotaka kufika. Ndipo alipomwendea seremala wa shamba, wakajifungia, wakaipiga msasa ile shingo kwa nyuma, kidogo kidogo, wakipima kwa kiganja chake, mpaka vidole vitatu vikafanya kazi ya vinne.

Bwana stoo alipolipokea Jumapili asubuhi aliligeuza, akaligeuza tena. "Mhina! Nilikukabidhi gitaa, unanirudishia fimbo? Mali ya shamba imekonda hivi, nitamwambia nini meneja?"

"Mwambie limefunga, mzee," akajibu Mhina. "Likifungua litanenepa."

Walicheka, yakaisha. Lakini msasa ulizidi mahali pamoja, kule juu kabisa, shingo ikapinda kidogo, na tangu siku hiyo waya mwembamba ukibanwa pale ulikwaruza kidogo. Mhina akaizoea ile sauti, akaanza hata kuitafuta.

Bei ya mkonge ikaanguka, na bendi nayo. Mhina alikuwa nyumbani kuvuna, na aliporudi akakuta stoo imebaki kamba tupu. Vyombo vimeuzwa, kila kimoja njia yake, wala hakuna aliyejua la solo limekwenda wapi. Tangu hapo kila harusi yenye bendi, kuanzia Segera mpaka Handeni mjini, Mhina akiomba kushika gitaa walimpa. Analipakata, anaizungushia kiganja shingo, analirudisha. "Zuri," anasema. "Ila si langu." Kana kwamba aliwahi kuwa nalo!

Mwaka huu binti yake Hajira, anayeuza vitenge sokoni Korogwe, alikuwa amekaa na baba yake kibandani. Jirani muuza nyimbo akaweka kwaya. Mzee akasimama.

"Baba, vipi? Ni kwaya hiyo. Au unataka kubatizwa uzeeni?"

"Nyamaza, mwanangu. Msikilize anayepiga solo. Umeusikia ule mkwaruzo? Hapo... hapo tena!"

Hajira hakusikia kitu. Lakini alimjua baba yake. Akauliza, akapata namba ya mwalimu wa kwaya, Deogratius wa Mashewa, na wakakubaliana kwa simu: mzee alete jipya, kwaya imwachie la zamani. Mzee akauza ndama wake wawili.

Sasa turudi pale kanisani. Mwalimu Deogratius ametoka nje anacheka. "Shikamoo mzee! Karibu. Kwaya nzima inajiuliza, humo ndani ya gitaa letu kuna dhahabu?"

"Marahaba. Ingekuwepo, mwalimu, bwana stoo asingeniachia hata siku moja."

Gitaa lilikuwa limepakwa rangi ya buluu, ileile ya milango ya kanisa. Lilikuwa mikononi mwa binti mdogo wa umbo, Pendo. Alilivua mkanda, akampa mzee kwa mikono miwili. Mhina akakaa kwenye benchi, akazungusha kiganja. Vidole vilikuwa vizito, uzee ni uzee, lakini vilijua njia. Akapiga kipande cha dansi, kifupi tu, na wale kina mama wa sauti ya kwanza wakaanza kutikisa mabega kabla hawajakumbuka wako wapi.

"Mpe na yeye ajaribu jipya," akasema Deogratius.

Pendo akalivaa. Akabana. Akabana tena. Kila alipotaka kufika waya wa mwisho kidole kilipungukiwa. Akavuta mkanda juu kana kwamba kosa ni la mkanda. "Nitazoea," akasema.

"Hili ulilipataje?" Mhina akamuuliza.

"Wavulana walilikataa, babu. Walisema shingo kama ya kuku. Mimi mkono wangu mdogo, likanifaa. Sijawahi kupiga jingine."

Lile benchi, mzee aliniambia, lilikuwa gumu ghafla. Alikuwa amelisubiri gitaa hili tangu akiwa na nywele nyeusi, na sasa limo mikononi mwake, wala hakuna mtu anayemzuia. Akasema, "Nipe magitaa yote mawili mpaka Jumapili ijayo." Deogratius akashtuka kidogo, lakini Pendo akasema, "Mwache babu ayachukue."

Akayapeleka Korogwe kwa fundi Twaha, seremala wa vitanda na makochi. Akaweka magitaa mezani. "Shingo hii iwe kama hii. Ndani kuna chuma, usikiguse."

"Mzee wangu, mimi nachonga miguu ya vitanda!"

"Basi fanya ni mguu wa kitanda. Ila mimi nitakaa hapa hapa."

Akakaa kweli. Fundi anapiga msasa, mzee anashika la zamani, anashika jipya, anasema bado. Fundi anapiga tena. Uvumilivu wa Twaha ulikaribia kuisha mara kadhaa, ikaletwa chai, ukarudi. Mwishoni mzee akafumba macho, akashika moja, akashika la pili, asijue lipi ni lipi.

Jumapili Pendo alipiga yote mawili mbele ya kwaya, macho amefumba kwa amri ya mzee. Vidole vilifika kila mahali. Alipofumbua alisema, "Yote yananikubali, babu. Hili jipya lina sauti safi zaidi. Chukua la kwako, moyo wako utulie."

Mhina akalichukua. Lakini Hajira, aliyekuwa amemsindikiza safari hii, aliona jambo: baba yake kwanza alilishika lile jipya, akalipiga, na lilimkaa mkononi sawasawa, jepesi, bila ubishi. Akalirudisha kwa Pendo. Akalikumbatia lile la buluu, lililopauka, akapanda nalo pikipiki. Na Pendo alisimama mlangoni akiitazama pikipiki mpaka ilipokata kona, jipya likiwa limelala begani.

Njiani Hajira alimuuliza baba yake, maana ile safari ilikuwa imewagharimu ndama wawili na msimu wa maneno. "Baba, kama shingo ni ileile, na sauti ya lile ni safi zaidi, ulikuwa unafuata nini?"

Mzee alicheka tu. Mpaka leo, jioni nyingi pale Kwedizinga, analipiga bila umeme, polepole, na hajampa bintiye jibu. Mimi nimemuuliza pia, nikaambulia kipande cha dansi. Basi nakuuliza wewe uliyewahi kushika kitu kikakukaa mkononi: unadhani alikuwa anafuata nini?