Wanachuo Waliojua Kupiga Pasi

Sisi tuliozaliwa miaka ya tisini, tuliosoma kwenye madarasa yenye madirisha bila vioo, tulikuwa na bahati moja ambayo watoto wetu hawana hata wakipiga magoti. Tuliuona mpira wa kikapu wa chuo ukichezwa na watu wenye akili zao. Nayasema haya nikiwa na hasira, na asije mtu kuniambia nitulie, maana nimetulia vya kutosha.

Kwetu ni mkoani Kigoma. Shule yetu ya msingi ilitenganishwa na chuo cha ualimu kwa ukuta mmoja tu, tena mfupi. Ilikuwa shule ya mazoezi, yaani wanachuo walikuja kujifunza kufundisha kwa kutufundisha sisi. Kwa hiyo dada aliyekusimamisha ubaoni asubuhi kwa sababu hujui kugawanya, jioni ulimwona kwa macho yako amevaa bukta na fulana ya kijani, anakimbia, anatoa jasho, anaanguka. Ulimwogopa na kumpenda kwa siku moja hiyohiyo. Leo mtoto gani anamjua mchezaji wake namna hiyo? Anamjua kwenye simu, kipande cha nusu dakika, na kichwa kimekatwa.

Uwanja wenyewe, jamani! Saruji imepasuka katikati kama mguu wa mkulima, na upande mmoja umeinama kuelekea shamba la mihogo la chuo. Mpira ukitoka nje upande ule, mechi inasimama, watu wanaingia kwenye mihogo kuutafuta. Goli la upande huo lilifungwa nyavu ya dagaa, ile yenye matundu madogo sana, basi mpira ukiingia hautoki. Unakaa humo mpaka mpishi wa chuo alete ufagio mrefu ausukume kwa chini. Refa alimsubiri mpishi. Sote tulimsubiri mpishi. Na wakati tunasubiri, tulikula karanga zilizofungwa kwenye karatasi za madaftari ya zamani, ukimaliza kula unafungua karatasi unasoma kalamu nyekundu: kumi kwa hamsini, ongeza bidii. Tulicheka sana tukidhani ni ya mtu mwingine, mpaka siku moja nikakuta mwandiko wangu.

Watoto tulikaa juu ya ukuta, miguu inaning'inia, na kazi yetu ilikuwa kuhesabu pasi. Sijui nani alianzisha. Mpira ukitoka mkono mmoja kwenda mwingine, tunapiga kelele: "Mojaaa! Mbiliii! Tatuuu!" Tukifika nne, watu wazima wanaingia. Tukifika tano, uwanja mzima unahesabu, wapishi, mama wa karanga, mpaka mkuu wa chuo kwenye kiti chake chenye mto. Haikuandikwa popote, lakini ilikuwa sheria: chini ya pasi tano hurushi, labda uwe chini ya goli peke yako. Ukirusha mapema, huzomewi. Watu wananyamaza tu. Na kunyamaza kwa watu mia tatu kunauma kuliko kuzomewa.

Nilimwona Mwalimu Stella yakimpata. Alikuwa nahodha wa wasichana, mfupi, mweusi tii, anayetufundisha hesabu darasa la tano. Siku hiyo walicheza na timu ya jeshi, wale dada warefu waliolipwa mshahara kwa kazi ya kucheza, wenye viatu vipya, walioshuka kwenye lori wanaimba. Mwalimu Stella akapata mpira katikati ya uwanja, hakutazama mtu, akaurusha kutoka kulekule. Ukaingia! Nikaruka juu ya ukuta nishangilie, nikajikuta napiga makofi peke yangu. Kimya. Wenzake hawakumpa mkono. Yeye mwenyewe akainamisha kichwa, akaenda kukaa benchi bila kuambiwa, mwingine akaingia. Kesho yake darasani, mtoto mmoja mtundu akamuuliza: "Mwalimu, mbona jana uliingiza ukatoka?" Akajibu: "Niliingiza vibaya." Halafu akaandika ubaoni hesabu ya kugawanya.

Wale wa jeshi waliwafunga siku ile. Waliwafunga mara nyingi tu, sitaki kudanganya. Walikuwa na nguvu na walikuwa wanakula vizuri. Lakini walicheza kila mtu na lake, na tuliporudi nyumbani hakuna aliyeigiza wao. Tuliwaigiza wanachuo. Kwa sababu wale walikuwa wamekaa bweni moja miaka miwili, wanakula maharage ya sufuria moja, wanafuliana fulana, wanajuana nani anachoka mapema na nani akikasirika mkono wake unakuwa mzito. Mmoja akipiga pasi haangalii. Anajua mwenzake yuko pale.

Mama yangu hakuwa na habari na hayo yote. Nikichelewa kurudi alisimama mlangoni na kauli yake ileile: "Mpira hauoshi vyombo." Naviosha giza likiingia, huku mdomoni nahesabu moja, mbili, tatu, kila sahani inapotoka mkono wa kushoto kwenda wa kulia.

Sasa njoo Toronto. Naishi Thorncliffe Park, ghorofa ya kumi na mbili, na binti yangu mkubwa, Nuru, ana miaka kumi. Msimu huu wa baridi nilimwandikisha mazoezi ya kikapu ya Jumamosi kwenye shule ya jirani. Anayewafundisha ni Dido, kijana wa Kikongo wa kanisani kwetu, miaka ishirini na moja, mrefu mpaka anainama mlangoni, na mama yake anaimba nami kwaya. Dido anacheza timu ya chuo. Niliposikia neno chuo, moyo wangu ulifurahi kama mjinga. Nikamwambia Nuru: "Wewe una bahati. Unafundishwa na mwanachuo."

Nikaamua twende tukamwone akicheza. Nikamsuka Nuru vizuri, nikamvalisha gauni la kanisani, mimi nikavaa kitenge chini ya koti, nikakaanga karanga nikazifunga kwenye karatasi. Tukafika saa moja na nusu kabla ya mechi, ili tupate nafasi ya mbele. Mlango umefungwa. Mlinzi akatutazama juu mpaka chini, akauliza kama kuna harusi. Tulikaa kwenye baridi tukila karanga, na Nuru akaniambia kwa Kiingereza chake kwamba haoni mtu mwingine aliyevaa gauni. Kwetu ukichelewa mechi ya chuo, ulitazama ukiwa nyuma ya mgongo wa mtu! Hapa walipofungua, tuliingia sisi, baba mmoja na gazeti, na wasichana wanne waliokuja kupiga picha.

Mechi ikaanza. Mpira ukatoka mkono mmoja kwenda mwingine, nami bila kufikiri nikasimama nikapaza sauti: "Mojaaa!" Na hapohapo ukarushwa. Nikasubiri. Mwingine: "Mojaaa!" Ukarushwa. Robo nzima sikufika tatu. Baba wa gazeti akageuka kunitazama. Nuru alijifunika koti kichwani. Wanadunda, wanadunda, wanazunguka peke yao kama mtu aliyepoteza funguo, kisha wanarusha kutoka mbali, ukikosa wanatikisa kichwa kana kwamba goli ndilo lenye makosa. Na Dido naye, Dido wa kanisani! Mwenzake yuko peke yake chini ya goli, mkono juu, anapunga kama aliyeachwa na basi, na Dido anarusha.

Najua wengi wenu mtasema kinyume. Mtasema wa kulipwa ndio walioharibiwa na umaarufu, na wa chuo wanacheza kwa mapenzi. Hizo zilikuwa zama zetu, zimegeuka. Washeni televisheni. Mimi natazama na mume wangu, na nasema bila kuogopa mtu: wa kulipwa wa leo ndio wanaocheza kama wanachuo wetu wa jana. Mzee wa miaka thelathini na tano, magoti yamefungwa bandeji, anapiga pasi nyuma ya mgongo kwa mtu ambaye hata hajamwona. Wanakaba, wanasaidiana, wanarudi nyuma mbio. Kwa nini? Kwa sababu wengi wao wamekaa pamoja. Wa chuo hawakai. Mwenye kipaji anavuka mpaka kwenda kusini, Marekani, na huko nako kila mwaka anahama chuo kama mpangaji anayegombana na mwenye nyumba. Utampigia pasi mtu ambaye jina lake hujalizoea?

Haya ningeyameza. Ningelalamika na mume wangu, basi. Lakini Jumamosi iliyofuata nilimchukua Nuru mazoezini, tukaingia kwenye lifti ya jengo letu, akaniambia hataki kurudi tena. Nikamuuliza amegombana na nani. Hakuna. Ameumia? Hapana. Nilimsumbua mpaka ghorofa ya tisa, ndipo akasema, taratibu, kwamba hajawahi kugusa mpira kwenye mchezo. Wiki nne. Anasimama pembeni na mikono mbele kama alivyofundishwa, na mpira hauji, na kila mtu anarusha. Akasema labda wanamwona hafai.

Mtoto wangu, hafai! Kwa mchezo ambao mimi nilikuwa nikitoroka vyombo kwa ajili yake!

Jumamosi iliyofuata nilimburuta. Nikaingia ndani na mabuti yangu yenye theluji, juu ya ile sakafu inayong'aa, mpaka katikati. Watoto wakasimama. Dido akaja mbio.

"Yaya, mabuti!" Hivyo ndivyo Wakongo wanavyomwita dada mkubwa.

"Achana na mabuti. Huyu mtoto wiki nne hajagusa mpira. Unamfundisha nini, kusimama?"

"Anaogopa kurusha, Yaya."

"Arushe nini? Hewa?"

Watoto wakaanza kucheka. Dido akashusha sauti. "Yaya, mchezo ulibadilika. Saa hii ni kurusha tu. Ile yenu ya kuhesabu nilisikia siku ile, timu nzima ilisikia. Mi nikipasia wenzangu, nani ataniona? Makocha wa kule Marekani wanachagua kwa video. Video ya pasi hakuna mtu anaicheza mara mbili."

Nilimtazama. Macho yalikuwa ya mtoto aliyechoka. Kidogo nimwonee huruma, lakini nilikuwa nimeshapandwa na hasira.

"Atakuona uliyempasia," nikamwambia. "Na kama hutaki kuonekana naye, Jumapili nitamwambia mama yako kwaya ikimaliza, mbele ya mchungaji."

"Yaya, tafadhali. Mama hapana."

Mtu mrefu vile! Watoto walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Dido akapiga filimbi, akaokota mpira. Akaenda akauweka mikononi mwa Nuru, akawaambia wengine waendelee. Nuru akasimama nao. Alitazama huku, akatazama kule. Akampa msichana mmoja wa Kiafghani aliyekuwa peke yake karibu na goli. Yule akarusha, akakosa kabisa, hata ubao haukuguswa. Wakacheka wote wawili wakiwa wameshikana mikono ya masweta.

Kwenye lifti Nuru aliniambia atarudi Jumamosi. Nikaanza kumshukuru Mungu kwa sauti, akanikatiza. Kwa Kiswahili, tena, ambacho huwa hanijibu nacho: "Lakini wewe, Mama, usiingie."

Nikasema sawa. Ningefanyaje?

Kwa hiyo sasa nakaa koridoni, kwenye kiti cha plastiki kilichotengenezwa kwa ajili ya mtoto wa darasa la kwanza, magoti yamenifika kidevuni. Sijabadilisha mawazo. Mpira wa chuo umeshuka, na atakayebisha aje tukae wote kwenye mechi ya Dido, nitampa karanga. Lakini nikikaa pale namfikiria mama yangu. Nilicheza kikapu mpaka kidato cha nne na hakuwahi kuniona hata mara moja. Aliujua mchezo wangu kwa magoti tu: yakichubuka anayapaka mafuta ya taa, anauliza kama tumeshinda, anaendelea na mboga zake. Uwanja ulijaa watu wa mji mzima na mama yangu hayumo, wala haikunipitia akilini kwamba angekuja. Hapa ukumbi ni mtupu, mzazi wa kuja kila Jumamosi ni mimi, na nimeombwa nikae nje.

Wiki iliyopita mlango ulifunguka kidogo. Nuru akatoa kichwa, nywele zimemganda kwenye paji la uso, akanitazama, akahakikisha nimekaa, akaufunga tena.