Mistari Miwili ya Mheshimiwa

Mbunge wetu ndiye aliyenilipia ada ya chuo cha maabara, mimi na wenzangu wachache wa jimboni, na kila bajeti ya afya alisimama bungeni kudai fedha za utafiti. Kwa hiyo aliposema atakuja Misima, kwetu, kuzindua utafiti wa malaria ulioniajiri, nilikosa raha kabisa. Chumbani kwangu Manundu, mjini Korogwe, nilipanga na kupangua. Nianze na shikamoo au na mheshimiwa? Mkono ukitetemeka, si atajuta kunisomesha?

Lakini hofu iliyoniuma zaidi ilikuwa juu ya mtoto mmoja. Tulipopita nyumba kwa nyumba kuomba kutoboa vidole vya watoto, akina mama walikataa. Walisema kila utafiti damu inapelekwa maabara ya Korogwe na hakuna anayerudi kuwaambia imefanya nini. Jirani yetu alikuwa na mwanawe mgongoni. Nilimgusa unyayo, ulikuwa wa moto.

"Atapoa," mama yake alisema, akavuta kanga akamfunika.

Siku ya uzinduzi, uwanja wa zahanati ulijaa. Jirani alikaa nyuma kabisa, mtoto bado mgongoni, kichwa kimelegea. Sikusikia nusu ya hotuba. Nilikuwa namtazama yeye tu.

Mbunge alipomaliza, bibi yangu mzaa baba akanyanyuka. Kwake kila kijana wa kiume ni mume, na mimi ni mke mwenza.

"Mume wangu, maneno yako matamu. Ila unataka damu za wajukuu zangu, ya kwako umeiacha nyumbani?"

Watu wakaangua kicheko. Mbunge naye akacheka, akaja mezani kwangu huku akikunja shati mpaka kiwikoni, ingawa nilihitaji kidole tu.

Nilimtoboa. Nikadondosha damu kwenye kipimo, tukasubiri. Mstari wa kwanza ukatokea, ule wa kuonyesha kwamba kipimo ni kizima. Kisha, polepole, wa pili, ule wa malaria.

Nikakifunika kwa kiganja.

Chuoni tuliimbishwa kwamba siri ya mgonjwa ni ya mgonjwa. Na huyu hakuwa mgonjwa yeyote tu, alikuwa mgeni rasmi, tena aliyenilipia ada. Nikainama nimnong'oneze.

"Mnaona?" sauti ya mwanamke ikatoka katikati ya watu. "Wameanza kunong'ona!"

"Hata ya mheshimiwa inafichwa, sembuse ya mwanangu!" mwingine akadakia.

Kule nyuma jirani alikuwa amesimama, anakaza kanga aondoke.

"Mke mwenzangu," bibi akapaza sauti, "unamficha nini mume wetu?"

Nilikwama. Nikifungua mkono, nimetoa siri isiyo yangu. Nikiendelea kufumba, mtoto yule anaondoka na homa yake, na anayemfukuza ni mimi. Nikatafuta njia ya tatu, sikuiona.

"Mheshimiwa," nilisema kwa shida, "majibu ni yako. Mimi siwezi kuyasema."

Alinitazama, akaelewa. "Sema mbele yao. Ninayo?"

"Unayo."

"Nami nilidhani ni uchovu wa safari!" Akakitoa kipimo chini ya kiganja changu, akakiinua juu. "Malaria, ndugu zangu. Nimesimama hapa nawahutubia, kumbe ninayo."

Watu wakanyanyuka wakione.

"Mbu wa Misima hawajui vyeo," bibi akasema, na kicheko kikarudi. Mbunge akaomba dawa hapo hapo. Bibi akamletea ndizi kwanza. "Kula, usije ukanifanya mjane bure."

Mimi sikucheka. Nilikuwa namtafuta jirani. Alikuwa ameshafika kwenye uzio wa minyaa. Akasimama hapo, akamtazama mbunge akimeza vidonge. Halafu akarudi, akapita katikati ya watu, akaketi mbele yangu, akamshusha mtoto mapajani.

"Mtoboe. Lakini kipimo nakishika mwenyewe."

Hilo sikufundishwa. Je, akikitikisa? Akikiinamisha? Nilimtoboa mtoto, nikaweka damu na matone ya dawa ya kipimo, nikakilaza kipimo kwenye kiganja cha mama. Hakupepesa macho. Mstari wa kwanza ukaja. Wa pili ulianza mwembamba kama unywele, kisha ukakolea.

"Kama wa mheshimiwa," alisema.

"Kama wake, mama."

Nilianza kumweleza jinsi vimelea vinavyoingia kwenye damu, nikarudia, nikajisahihisha. Akanikata.

"Sasa unatetemeka nini? Lete dawa."